Kivuli Kilichoomba Radhi

Kondo alimwomba mama yake radhi siku kumi na tisa baada ya kuzikwa, na mama akampa.

Usinitazame hivyo. Hakuna aliyefufuka. Watu wa Maneromango wanajua kuzika, na Kondo walimzika akazikika. Kilichoomba radhi ni kivuli chake, na aliyekituma ni Kalunde, mwanamke wa Kinyamwezi mwenye studio kule Gongo la Mboto. Kalunde ndiye aliyemtengenezea Kondo albamu tatu, na walikuwa katikati ya ile ya nne pale moyo wa kijana wa watu uliposimama ghafla, mchana kweupe, akiwa anapanga maiki. Umri wake miaka thelathini na minne. Hata gari la wagonjwa halikuwahi kukata kona.

Albamu ilikuwa na nyimbo nane zilizokamilika na mdundo mmoja usio na maneno, wa tisa. Mdundo huo Kondo aliupenda mno. Alikuwa amechukua ngoma za kwao Uzaramoni, akaipa mashine izisikilize wiki nzima, mashine ikamrudishia midundo mia mbili, naye akatupa mia moja na tisini na tisa. Uliobaki ulikwenda mbio kama singeli, lakini chini yake kulikuwa na ngoma moja nzito iliyochelewa makusudi. Kila Kalunde alipomuuliza ataimba nini juu yake, Kondo alisema, "Huu ni wa mama. Maneno yake bado."

Yakabaki bado mpaka akafa.

Siku ya kumi na nane ya msiba Kalunde aliketi mbele ya mashine, akafungua kivuli. Kila mwimbaji siku hizi anacho, na Kondo alikuwa na kizuri kupita vyote vya mjini. Ukikipa maneno, kinaimba kwa koo la mwenyewe. Kikamuuliza, kama kinavyouliza siku zote, "Majonzi kiasi gani, moja hadi kumi?" Kalunde akakipa saba. Aliposikiliza akatikisa kichwa. Kondo hakuwa mtu wa kulialia hivyo. Akakishusha hadi nne. Kisha akaanza kutia pumzi, maana kivuli hakina mapafu, na pumzi lazima zishonwe kwa mkono, moja moja. Kondo alikuwa akivuta pumzi mahali pasipo pake, katikati ya neno, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo. Kalunde alizijua zote. Alizitia kumi na mbili.

Maneno aliyaandika yeye mwenyewe, akilia:

*Mama, nilichagua ngoma, baba nikamwacha kitandani,*
*kosa ni langu, simsingizii mtu,*
*nipe radhi yako nilale.*

Wimbo ulipokamilika ulimtisha kwa uzuri. Kulibaki jambo moja dogo. Sheria ya Vivuli inataka wimbo wowote ulioimbwa na kivuli uanze na njuga, mara tatu, ili hata mtoto mdogo ajue anayeimba si mtu. Mashine ilizitia njuga yenyewe. Kalunde akazitoa. Akautuma wimbo kwa simu ya mama mzazi wa marehemu, Bi Kidawa, na maneno machache: *Mama, nimeukuta katika kazi za marehemu.*

Kesho yake baada ya swala ya alfajiri simu ikaita. Bi Kidawa alikuwa akilia mpaka maneno hayatoki.

"Nimemsikia," alisema. "Nimemsikia mwanangu. Radhi yangu anayo, Kalunde. Duniani na akhera anayo."

Kalunde alikata simu akajiambia huo ulikuwa uongo wa kheri. Loh! Hakuna mwongo asiye na jina zuri la uongo wake.

Inafaa ujue kwamba mama huyu alikuwa amemnyima mwanawe radhi kwa miaka mitatu. Baba yake Kondo, Mzee Kibwana, alifariki asubuhi ya Jumanne, akazikwa Jumanne hiyo hiyo, na mwanawe wa pekee wa kiume alifika kaburi limeshafukiwa, koleo zinakung'utwa udongo. Bi Kidawa alimwambia mbele ya waombolezaji: sina radhi nawe mpaka uje uniombe kwa mdomo wako na ukiri ulichokifanya. Kondo alimtazama mama yake, akafungua mdomo, akaufunga. Hakukiri siku ile wala nyingine.

Basi siku zikaenda hadi ya thelathini na saba. Asubuhi Kalunde yuko studio anapangusa vumbi, simu ikaita.

"We mpagazi!" ilikuwa sauti ya Bi Kidawa, changamfu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na Bi Kidawa hakuwahi kumwamkia Kalunde bila kumkumbusha babu zake walivyoteremka pwani na mizigo kichwani. "Unakuja lini? Arobaini imebaki siku tatu, mchele tunachambua, na wewe hatukuoni."

"Nitakuja, mama."

"Njoo na zile spika zako kubwa. Nataka niupige ule wimbo uani, ukoo mzima usikie. Mashangazi zake wamesema mengi. Mara alirogwa, mara mji ulimla. Wamsikie mwenyewe akikiri. Mtu akikiri kosa lake anakuwa mtu tena."

Kalunde aliketi chini. Kitambaa cha vumbi kilikuwa bado mkononi.

"Ila kuna neno linanikwaruza, mwanangu," Bi Kidawa aliendelea, na sauti ikashuka. "Anasema alichagua ngoma. Alichaguaje? Mtu ameambiwa baba yako amekufa, anachaguaje? Wewe ulikuwa naye siku ile. Ukija utanieleza. Nimemsamehe, sirudi nyuma, lakini nataka kuelewa."

"Nitakuja kesho," Kalunde alisema.

Alikaa pale sakafuni muda mrefu. Hakuhitaji kwenda popote, hilo alilijua. Sheria ya Vivuli ina kifungu cha pili: mwimbaji akifa, kivuli chake huishi siku arobaini tu, kisha huzimwa, isipokuwa mrithi aweke kidole gumba kukubali kiendelee. Angenyamaza siku tatu tu. Kivuli kingezimwa, na kazi yake yote ya ndani ingefutika nacho: kila kiwango cha majonzi, kila pumzi. Asingekuwepo mtu wala chombo cha kumsuta. Albamu ingetoka na nyimbo nane, mama angebaki na wimbo wake na amani yake, na Kondo angebaki na radhi kaburini.

Na angebaki na kosa pia, kosa alilolikiri kwa sauti yake mwenyewe mbele ya ukoo mzima. Hapo ndipo Kalunde alipokwama, kwa sababu kosa lile Kondo hakulifanya.

*

Turudi nyuma kidogo, miaka mitatu, Jumanne ile.

Kivuli hakitengenezwi kwa siku moja. Mwimbaji anakaa na mashine siku thelathini, mfululizo. Siku moja anaifundisha hasira, nyingine kubembeleza, nyingine kukohoa, kuchoka, kunong'ona. Hali ya moyo ikikatika katikati, mashine inachanganya mambo, na mnaanza tena siku ya kwanza. Ndiyo maana simu ya mwimbaji hukaa kwa prodyuza, ndani ya kasha, na prodyuza ndiye huamua kipi kinafika na kipi kinasubiri.

Jumanne ilikuwa siku ya thelathini, siku ya kicheko.

Kondo alikuwa na kicheko cha ajabu. Kilianzia tumboni, kikakwama puani, kikatokea mdomoni kimechelewa wakati wenzake wameshamaliza kucheka. Siku hiyo kilikuwa kimefunguka kama bomba. Kalunde alikuwa akimtania kuhusu Wazaramo na ngoma zao, kwamba Mzaramo akisikia ngoma hata jembe analiacha limesimama peke yake shambani, na Kondo alikuwa akigaragara. Mistari kwenye kioo cha mashine ilikuwa ya kijani yote. Miaka kumi na tano ya kazi, Kalunde hajawahi kuona kijani kama ile.

Saa nne asubuhi simu ikatetemeka ndani ya kasha. Akaitoa akasoma. *Baba amefariki. Tunakusubiri, usichelewe.*

Aliisoma. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe baadaye alijaribu miaka mitatu kujishawishi kwamba hakuisoma vizuri. Aliisoma vizuri, mara mbili, akaangalia mistari ya kijani, akawaza: saa moja tu. Aliyekufa ameshakufa. Saa moja haitamwongezea wala kumpunguzia. Akairudisha simu ndani ya kasha, akafunga, na uso wake akaukunjua, na akamwambia Kondo utani mwingine.

Saa moja ikazaa ya pili. Hivyo ndivyo zilivyo. Kila alipotaka kusema aliona sasa amechelewa mno kusema bila kuulizwa kwa nini amechelewa, na hofu hiyo ikamchelewesha zaidi. Saa tisa na nusu mashine ikalia kwamba imetosha. Kalunde akampa Kondo simu yake.

Kondo alisoma. Kisha akatazama saa ya ujumbe. Kisha akamtazama Kalunde.

"Saa nne?" aliuliza.

Alitoka mbio bila viatu. Maneromango ni mwendo wa saa mbili, na maiti ilizikwa baada ya swala ya alasiri.

Alirudi studio baada ya wiki. Kalunde alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kipigo, kwa chochote. Kondo aliketi, akavaa spika za masikioni, akasema, "Mama anataka nikiri. Siwezi kukiri lisilo langu. Na lako siwezi kulitaja, atakulaani, na laana ya mama yangu naijua." Akageuza kiti. "Tuendelee na kazi."

Kwa hiyo kila kicheko kilichomo katika kivuli kile, vile vicheko vilivyowachezesha watu harusini kutoka Kisarawe hadi Kigoma, vilichekwa baba akioshwa. Kalunde alilijua hilo peke yake. Majuto ni mjukuu, wamesema, na mjukuu huyu alikuwa ameshaanza kuota meno.

*

Bi Kidawa alikuwa uani, ungo mapajani, anachambua mchele. Mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka sabini na mbili, ambaye mpaka leo anaendesha mwenyewe kibanda chake cha kuchajia betri za matrekta, na mteja anayeleta betri chafu anarudishwa nayo.

"Karibu, mpagazi," alisema. "Mzigo umeuweka wapi?"

Siku nyingine Kalunde angekuwa na majibu kumi ya utani mdomoni. Leo alivua viatu, akakaa mkekani.

"Shikamoo, mama."

Bi Kidawa akaweka ungo chini. "Ebo! Mtani ananipa shikamoo." Akamwangalia vizuri. "Mtani asiyejibu ana lake jambo. Hata msibani nilikuona. Watani wenzako wanafanya kazi yao, mmoja kalala kando ya kaburi anaimba kwa pua kama Kondo, hata mimi mwenye msiba nikacheka. Wewe ulikuwa pembeni unalia kama mjane. Mtani halii, Kalunde. Nikasema huyu ana kitu. Haya, kiseme."

Kalunde akatoa mashine ndogo ndani ya mkoba, ya ukubwa wa kitabu, akaiweka mkekani. Hakuamini kama ulimi wake ungeweza, kwa hiyo alibonyeza tu. Njuga zikalia. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kisha ikaja ngoma nzito iliyochelewa, na sauti ya Kondo: *Mama, nilichagua ngoma.*

Bi Kidawa hakuwa mshamba. Redio anayo, njuga anazijua. Aliinua mkono, Kalunde akazima.

"Sikuzisikia hizo kwenye simu yangu."

"Nilizitoa, mama."

"Maneno je? Maneno ni yake?"

"Ni yangu."

"Yote?"

"Yote."

Kuku mmoja alikuja akadonoa mchele kwenye ungo, na hakuna aliyemfukuza.

"Umemvaa mwanangu," Bi Kidawa alisema polepole. "Umemvaa kama kanzu, ukaja kunipigia hodi. Nami nikafungua. Siku kumi na tisa naamka naye, naswali naye." Sauti ikapanda. "Kwa nini? Nani alikutuma?"

"Nilitaka upate amani."

"Amani ya kushonewa studio! Nani alikwambia nimeiagiza?" Alipiga goti lake kwa kofi. "Na radhi yangu? Nilitamka kwa ulimi huu, duniani na akhera. Nilimpa nani? Sanduku?"

Wengi wetu tungeishia hapo. Kosa moja limeshakiriwa, mtu ametukanwa, anaweza kwenda nyumbani akasema nimesema kweli. Kalunde alitamani kuishia hapo, wala simlaumu kwa kutamani.

"Kuna jingine," alisema. "Kubwa kuliko hilo. Kondo hakuchagua ngoma. Ujumbe wa msiba ulifika saa nne asubuhi, na simu ilikuwa kwangu. Niliusoma mimi. Nilimpa saa tisa na nusu."

Bi Kidawa hakupiga kelele. Alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitembea.

"Saa nne," alisema, "tulikuwa hatujamwosha. Maziko yalipangwa adhuhuri. Mimi nikasema hapana, mwanangu yuko njiani, ngojeni. Shehe akasema maiti haicheleweshwi. Nikamshika mguu, Kalunde. Mtu mzima mimi, nikamshika shehe mguu, wakanisogezea hadi alasiri. Nikawa nasimama pale barabarani, kila gari nalisogelea." Akamgeukia. "Na wewe ulikuwa na simu."

"Nilikuwa nayo."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Nilikuwa namchekesha, mama. Mashine ilitaka kicheko."

Hapo ndipo Bi Kidawa alipojifunika uso kwa kanga. Mabega yalitikisika, na Kalunde hakuthubutu kumshika. Ndani ya nyumba wanawake waliokuwa wakitwanga wakaacha kutwanga, wakasikiliza, kisha wakaendelea kwa adabu.

"Kwa nini hakuniambia?" sauti ilitoka ndani ya kanga. "Angesema tu, mama si mimi."

"Alisema hawezi kukiri lisilo lake, na langu hawezi kulitaja. Aliogopa ungenilaani."

"Ningekulaani," Bi Kidawa alisema. "Wallahi ningekulaani, usipate hata mahali pa kulala." Akafunua uso. Macho yalikuwa mekundu, lakini kulikuwa na kitu kama kicheko pembeni mwa mdomo, kitu kibaya kukitazama. "Kiburi kile kile cha baba yake. Ananyamaza, wewe unabaki unapigana na ukuta. Miaka mitatu nimemtangaza mtoto wa laana. Sokoni. Kisimani. Nimewaambia watu asije kunizika. Na alikuwa hana kosa."

Alivuta mashine karibu, akaigusa kwa ncha ya kidole, kama anayepima joto la chungu.

"Hicho kivuli kimo humu?"

"Kimo."

"Kinasikia?"

"Kinasikia."

"Nikikiambia nimekosa mimi, nimemdhulumu, kiniambie amenisamehe. Kitasema?"

Kalunde alijua jibu, na alijua pia kwamba mwanamke huyu akiomba, yeye hatakuwa na nguvu ya kumkatalia. "Kitasema, mama."

"Kwa sauti yake?"

"Kwa sauti yake."

"Na ukikiambia kiseme hajanisamehe?"

"Kitasema hivyo pia. Itakuwa sauti ile ile."

Bi Kidawa aliweka kiganja kizima juu ya mashine. Alikiacha pale muda mrefu, hadi Kalunde akaanza kuamini kwamba ataomba. Midomo ilifunguka mara moja ikafunga. Kisha akaondoa mkono, akaufuta kwenye kanga yake, akaisukuma mashine irudi ilikotoka.

"Keshokutwa kizimwe kama sheria inavyosema. Kidole changu hamkipati," alisema. "Na siku hiyo utasimama hapa uani mbele ya ukoo, useme haya uliyoniambia, kwa mdomo wako. Spika usilete."

"Nitasema, mama. Na mimi, je? Utanisamehe?"

"Wewe?" Bi Kidawa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe bado sijafika kwako. Usiniharakishe." Akainuka kwa kujishikilia goti, akatafuta ndala. "Nipe mkono. Nipeleke makaburini."

"Sasa hivi? Jua kali, mama."

"Sasa hivi. Nikamwombe mwanangu radhi."

Kalunde alisimama, akampa mkono, na neno likamtoka kabla hajalizuia. "Lakini mama, hatakujibu."

"Najua," Bi Kidawa alisema, akivaa ndala ya pili. "Kila Ijumaa kwa miaka mitatu alinipigia simu. Nilikuwa naitazama inaita mpaka inanyamaza."